Ndara za Tunu Katika Mji wa Maneno

Tunu analala na kamusi ya Kiingereza kifuani, maskini mtoto wa watu, maana kesho ana usaili wa ukalimani hospitali na ameapa kuimeza yote, na kabla hajafika herufi ya pili kamusi inafunguka kama mlango, naye, kwa adabu ya kwao Tanga, anavua ndara kizingitini na kuingia. Lahaula! Mji. Kila nyumba ni ya neno, na maneno yamejaa barazani yanapiga soga. Mtu asiye na uso anamwambia: Zijue nyumba zote ndipo utoke na sauti yako, la sivyo sauti inabaki huku. Tunu anakimbia mtaa kwa mtaa akitaja majina, na kila akigeuka kuna ghorofa mpya, chokaa bado mbichi, na mtaa alioupita umezaa mtaa mwingine, naye anakimbia tena, mpaka anazikuta ndara zake katikati ya soko. Nilizivua langoni! analia. Lango lilikuwa hapo, anajibu asiye na uso, mji umekua ukalipita. Sauti ya Tunu inaanza kukauka. Anaogopa, tena sana.

Mara mama mmoja anachungulia dirishani: We Tunu, unalilia nini? Kumbe ni Safari, neno la kwao, kanenepa huyo, kajenga na ghorofa! Jirani yangu Pajama katoka Uhindini, anasema Safari, Kahawa kule, ambaye huku wanamwita Coffee, katoka Uarabuni, na hakuna hata mmoja wetu anayezijua nyumba zote. Hebu muulize huyo kama anazijua yeye. Tunu anamuuliza. Asiye na uso anatikisa kichwa. Basi Tunu anacheka, anajaza kifua, na anatoa sauti ambayo mji huu haujawahi kuisikia, kwa kuwa wote waliingia bila kubisha: Hodi! Soga zinakatika. Hodi! Milango inafunguka. Hodi! Na papo hapo kiwanja kinapatikana, Pajama anabeba mawe, Kahawa anakoroga chokaa, Tunu anapaka kwa mikono yake, na nyumba ya Hodi inasimama, nyeupe pe! Vigelegele mji mzima. Asiye na uso anainama: Karibu, mwenyeji.

Amka, utachelewa usaili! Ni dada yake, Zaina. Tunu anaifunga kamusi na kuiacha kitandani. Anatafuta ndara mlangoni, hazipo. Anatazama mikono: chokaa mpaka viwikoni. Ndoto ni kule au ni huku? Hajui, wala hajali. Anaazima viatu vya Zaina, anakwenda, na mlangoni pa usaili anapiga hodi inayosikika mpaka barabarani.