Ukurasa wa Arobaini na Moja

Naapa kwa suruali niliyovaa sasa hivi, ambayo ndiyo niliyooa nayo na mpaka leo inanikaa bila kuongezwa hata uzi mmoja: haya ninayosimulia ni kweli tupu. Sikutia chumvi. Mkionja chumvi mahali, basi ni ile iliyokuja na mambo yenyewe.

Fundi cherehani mwenyewe watu humwita Bi Mkasi. Chumba chake kimegawanywa na pazia la maua yaliyopauka. Mbele ya pazia kuna cherehani, meza ya kukatia, pasi, na benchi la wanaosubiri na la wasiosubiri kitu. Nyuma ya pazia kuna kioo kirefu, msumari wa kutundikia nguo, na mtu jinsi alivyo. Bi Mkasi akisikia hatua mlangoni anakutajia kiuno cha anayeingia kabla hajainua kichwa, na akikosea hazidishi kidole. Siku moja alitaja viuno viwili kwa hatua za mwanamke mmoja. Mwanamke akacheka, akaenda zake, na baada ya miezi saba kiuno cha pili kikaja kikilia.

Vipimo vyote viliishi ndani ya daftari moja nene lenye jalada la buluu. Humo hamkuwa na jina la mtu. Juu ya ukurasa aliandika namba ya simu, chini yake jina alilokubandika yeye, kisha vipimo, kisha maneno mawili matatu ya kujikumbusha. Mama Vuta-Pumzi alikuwa yule anayebana tumbo kila akiona futi inafunguliwa. Jogoo Mstaafu, mtajijazia wenyewe.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," alipenda kusema, mkasi mkononi. "Na siri ya mwili anaijua anayekata."

Alikuwa na sheria moja tu. Neno la nyuma ya pazia likitoka nje, aliyelitoa atasimama mbele ya benchi na kusoma ukurasa wake mwenyewe kwa sauti, mpaka mwisho. Miaka ishirini na sita, hakuna aliyewahi kusimama.

Balaa likaja limefungwa karatasi ya zawadi. Vitambaa viwili vilipotea mezani mchana kweupe, na habari zikamfikia mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee. Huyu alikuwa fundi wa kufunga kamera katika ofisi moja mjini. Akaja na ngazi, kijisanduku, na adabu zake zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ngazi ya nini tena? Nimekufa nipakwe rangi?"

"Nimekuletea mlinzi, mama. Halali, hali, haombi ruhusa ya kwenda msibani."

Zawadi ya mkwe hairudishwi. Ukiirudisha ni kama umemrudisha na binti. Bi Mkasi akaenda kumtafutia maji ya kunywa, na aliporudi mlinzi alikwisha kaa juu ya boriti, jicho moja jeusi na kitaa chekundu kama chunusi. Chini yake mkwe alikuwa anapiga picha daftari, ukurasa baada ya ukurasa.

"Je, likiungua, mama? Naliingiza kwenye programu yetu mpya ofisini. Sasa itawakumbusha wateja wako yenyewe, kwa ujumbe."

Bi Mkasi alitazama daftari, akatazama boriti. "Lakini baba, huyu mlinzi anaona na nyuma ya pazia."

"Anaona tu, mama, hasemi. Na asiye na la kuficha ana wasiwasi gani?"

Bi Mkasi akampa maji yake. Maneno yale yakabaki chumbani kama sindano iliyopotea kwenye kiti: unajua ipo, hujui utaikalia lini.

Siku zile hakushona, alihangaika. Aliketi, akainuka, akaketi upande wa pili wa cherehani, akajikuta anajitanda kanga kana kwamba kuna mgeni. Mkono uliokuwa ukikata mviringo wa shingo kwa macho yaliyofumbwa ukaanza kwenda upogo kwenye mstari ulionyooka. Akalifunika lile jicho kwa kofia ya mteja. Kabla hajashuka kwenye kiti, simu ikalia.

"Mama, naona giza huko. Kwema?"

"Kwema, baba. Ni kofia imepanda juu."

"Imepandaje?"

"Kofia za siku hizi," alisema Bi Mkasi, na akaishusha.

Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, programu ikaamka. Ilikuwa inatuma kurasa kumi kila siku, kwa mpangilio wa daftari, na kwa kuwa haikujua lipi ni neno la mteja na lipi ni la fundi, ilituma yote.

Mama Vuta-Pumzi aliingia dukani simu ikiwa mbele yake kama mtu aliyeshika panya mkiani. "Nisomee hapa!"

Bi Mkasi akasoma. *Habari MAMA VUTA-PUMZI! Kiuno 38 (yeye anasema 34, mwache hivyo hivyo). Tunakuthamini.*

"Mwache hivyo hivyo? Miaka yote hii umekuwa ukiniacha hivyo hivyo?"

"Nguo zimewahi kukubana?"

"Hazijawahi."

"Basi."

"Sasa mume wangu ananiitaje tangu asubuhi? Ananiita Vuta! Anasema, Vuta, niletee chai!"

Jumanne Jogoo Mstaafu alipita mbele ya duka mara nne bila kuingia, na mara ya tano akapita mkewe. Jumatano walikuja kwa makundi. Kuna waliocheka mpaka wakashika ukuta. Kuna mmoja hakucheka. Alichukua gauni lake lisilokwisha, sindano zikining'inia, akaondoka nalo. Huyo ndiye aliyemuuma Bi Mkasi kuliko wote. Bi Mkasi akampigia mkwe.

"Baba, kizime hicho kitu."

"Mama, niko safarini kikazi, nitarudi Alhamisi usiku. Watu watazoea tu. Mteja hupenda kukumbukwa."

Alhamisi alasiri akaingia Mwalimu Mkuu. Nitamwita hivyo, ingawa kazi nimembadilishia kidogo. Mwanamke mrefu, sauti yake huwafanya hata wazazi wachomekee mashati. Kesho yake saa nane mchana alikuwa asimame mbele ya shule nzima na wageni, na nguo yake ya kusimamia ilikuwa imetundikwa nyuma ya pazia.

"Fundi," alisema polepole, "nasikia daftari lako limeanza kutembea."

"Limefika ukurasa wa arobaini."

"Na mimi?"

Bi Mkasi hakuhitaji kufungua. "Arobaini na moja."

Mwalimu Mkuu akakaa. Ndani ya nguo zake zote, upande mmoja, Bi Mkasi hushona kitu. Ni kitu gani, na kwa sababu gani, haituhusu. Ni mambo ya mwili wake na ya mwaka mmoja mbaya aliopita nao peke yake. Watu wawili tu duniani walijua, na mmoja ndiye aliyekuwa ameshika mkasi.

"Namba niliyokupa," alisema, "ni ya ofisi ya shule. Ile simu inakaa kwa karani wangu. Kila ujumbe anausoma kwa sauti ili walimu wote wasikie, maana mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia afanye hivyo."

Kitaa chekundu kikapepesa juu ya boriti.

"Sioni aibu," alisema Mwalimu Mkuu, na sasa sauti ikawa ya mtu mwingine kabisa. "Usinielewe vibaya. Siku nikitaka, nitasema mwenyewe, tena kwa kipaza sauti. Lakini niseme mimi. Nisisomewe kama tangazo la ada."

"Ukurasa wako hautatoka," alisema Bi Mkasi. "Njoo tujaribu nguo."

"Chini ya hilo jicho?"

Bi Mkasi akatandaza shuka juu ya meza ya kukatia likafika sakafuni pande zote. Wakaingia chini. Mwanamke anayeogopwa kama mtihani akajaribu nguo ya hafla akiwa amechuchumaa, fundi ana pini midomoni, tochi ya simu inamulika mshono, na mara kwa mara kichwa kinagonga mbao. "Pole." "Endelea." "Inua mkono." "Niuinue uende wapi?" Wakaanza kucheka chini kule, kicheko cha kuzuiwa, kile kinachomtoa mtu machozi.

Ijumaa ofisi ya kamera ilipofunguliwa, Bi Mkasi alikuwa mlangoni, futi shingoni. Alikuwa amesahau kuivua. Mkwe akafika amechelewa, macho mekundu ya safari. Mle ndani ukuta mmoja ulikuwa umejaa skrini: maduka, vichochoro, ngazi za watu. Na pale katikati, pazia lake la maua. Mbele yake, na nyuma yake. Kioo kilionekana. Msumari ulionekana. Mtu mmoja alikuwa ameketi mbele ya skrini anakula karanga.

"Huyu ni nani?"

"Mwenzangu wa zamu, mama."

"Shikamoo mama," alisema mla karanga, kwa upole kabisa. "Usijali, sisi hatutazami. Tunaona tu." Akatafuna. "Ila lile gauni la kijani la juzi, aisee, mwenyewe alipendeza akiwa nalo kuliko alipolivua."

Bi Mkasi akageuza uso kutoka kwenye skrini. Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro dakika kumi.

"Baba, fungua daftari langu humo. Ufute."

"Mama, siwezi kufuta tu hivi hivi. Bosi ndiye anayeijaribu hii programu. Tena, nimeshakwambia, asiye na la kuficha..."

"Sawa. Basi usifute. Fungua tu ukurasa wa arobaini na mbili."

"Wa arobaini na mbili?"

"Macho yangu hayaoni vizuri kwenye vioo. Nisomee."

Mkwe akafungua. Akasoma neno la kwanza kwa sauti, la pili kwa nusu sauti, la tatu akalimeza. *BEGA GODORO. Koti la harusi. Sponji kila bega, unene vidole vinne. Mchumba asijue.* Na juu kabisa namba ya simu, kwa sababu siku ile ya kupimwa simu yake ilikuwa mbovu, akatoa namba ya mchumba. Yaani ya mkewe. Yaani ya binti wa fundi, ambaye kwa miaka saba amekuwa akiwaambia mashoga zake kwamba alichokipendea kwanza kwa mumewe ni mabega.

Karanga zilisimama njiani kuelekea mdomoni.

"Mama," alisema mkwe. "Haya si mambo ya zamani?"

"Una la kuficha, baba?"

Saa nne kasoro dakika sita. Mkwe akakaa kwenye kiti. "Nafuta. Nafuta huu sasa hivi."

"Anza na arobaini na moja."

"Una nini huo wa arobaini na moja?"

"Una mwenyewe," alisema Bi Mkasi.

Mkwe akamtazama mama mkwe wake, kisha skrini yenye pazia, kisha mabega yake mwenyewe kwenye kioo cha dirisha. Hakuufungua. Akafuta wa arobaini na moja bila kuusoma, akafuta wa arobaini na mbili, na Bi Mkasi akasimama nyuma yake akihesabu kwa futi, pingili kwa pingili, mpaka ukurasa wa mwisho ukaisha, mkwe akaizima na kamera, na picha ya nyuma ya pazia ikawa nyeusi. Saa ikagonga nne. Mla karanga akatazama programu kwenye skrini. Hakuna ujumbe uliotoka.

Saa nane mchana Mwalimu Mkuu alisimama. Nguo ilimkaa kama imemwagwa. Aliongea dakika arobaini, karani akipiga makofi kuliko wote, wala hakuna aliyetazama chochote ila uso wake, maana alikuwa anataja wasiolipa ada.

Kamera haikurudishwa; mkwe ni mkwe. Imehamishiwa nje, mlangoni, wanaposimama walinzi wenzake. Na hadithi ya sponji siku hizi mkwe anaisimulia mwenyewe, hata mkewe akiwepo: jinsi mvua ilivyonyesha siku ya harusi, mabega yakanywa maji, na bibi harusi alipomkumbatia zikamwagika ndoo mbili. Mwaka jana ilikuwa ndoo moja. Ni mabega yake, aongeze atakavyo.

Ningeishia hapa. Lakini jana nilimsomea Bi Mkasi haya yote, nikiwa kwenye benchi langu, na alicheka vizuri mpaka pale kwa Mwalimu Mkuu. Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Pale mnaposoma "upande mmoja", mimi nilikuwa nimeandika upande wenyewe.

"Wewe umeujuaje upande?"

Nikasema nimebahatisha. Akauliza nimebahatisha na yale ya chini ya meza pia. Nikasema siku ile nilikuwa nasoma gazeti. Akasema analikumbuka, nililishika juu chini. Mama Vuta-Pumzi, aliyekuja kuchukua blauzi, akageuza kiti chake kunielekea.

Bi Mkasi akachukua kalamu yangu, akaukata ule upande mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akafungua daftari la buluu ukurasa wa kumi na tisa, akanipa. Sheria ni sheria. Nikasimama mbele ya benchi nikasoma, na hapa naandika tena, nisije kusemwa nimelipa nusu:

*MZEE NAAPA. Suruali ya harusi. Imeongezwa mara nne. Nyuma, kiraka cha kitambaa cha kochi. Akikaa asiiname.*

"Mpaka mwisho," alisema Bi Mkasi.

*Sikio la kulia, la upande wa pazia, zima kabisa. Akija mteja, ahamishwe benchi.*