Mlima wa Kumshinda Shangazi

...au maporomoko ya Zaina, naam, Zaina, kwa sababu pale njia inateremka kwanza mpaka kwenye maporomoko, matope matupu, na shangazi akiutazama ule mteremko atasema mwanangu mimi nitawangoja hapa juu na chupa yangu ya chai, nyinyi nendeni lakini msikae, na sisi tutateremka, Mahat mbele mimi nyuma, mpaka chini kwenye maji, na pale ndipo nitamwambia... ah, hapana, yale maji yana kelele, nitalisema vipi jambo kama lile kwa kupayuka, Mahat, nilifanyiwa upasuaji, nini?, upasuaji, nini?, mpaka watu waliotoka Nairobi kujipiga picha wageuke kutusikiliza, hapana, Zaina itoke. Simu iko juu ya paja, sinia la mchele liko juu ya paja lingine, mkono mmoja unachambua na mwingine unafungua tena ujumbe wake ambao tayari naujua kwa moyo, Jumamosi twende wapi, wewe ndiye mtu wa milima, chagua, mimi nakuja na gari, na chini yake imeandikwa kwamba yuko hewani, yaani ameketi mahali fulani Nanyuki katikati ya mbuzi na ng'ombe wa watu akingoja Aaliya aseme jina la mlima, jina tu, kitu ambacho kila mwezi nawachagulia wenzangu wa kazi hospitalini bila hata kufikiri, na leo kimenishinda. "Aaliya, hii ya kushoto inanibana ama ni soksi?" Ni soksi, shangazi, nasema bila kuinua macho, maana sijui hata anazungumzia nini, shangazi Mwanasiti akianza kuongea ni kama redio ya jirani, unaisikia bila kuisikiliza, na mimi hapa nina kazi, natafuta mlima ambao utamshinda yeye na usinishinde mimi.

Kwa sababu hapa kwetu Majengo, Nyeri, mchumba na mchumba hawaachwi peke yao kabla ya nikaha, wanaandamana na mtu mzima, na mtu mzima wangu ni dada wa marehemu baba, mwenye magoti mabovu na masikio mazuri, na mara zote mbili ambazo Mahat amekuja hapa tumeketi watatu kwenye chumba hiki hiki, yeye kwenye kiti cha mgeni, mimi mkekani, shangazi katikati akimimina chai na kumuuliza bei ya ng'ombe, na lile neno langu limebaki hapa kooni. Na simu haisaidii, Mahat simu yake daima iko kwenye spika, ni mazoea ya sokoni, bei zinasemwa watu wote wakisikia ili mtu asije akasema alidanganywa, kwa hiyo ukimpigia umewapigia madalali wote wa Nanyuki, salamu aleikum Aaliya, wanaitikia watu saba, na ujumbe nao anausoma dada yake Ilhan kabla yake, yule msichana hujibu hata salamu zangu kwa niaba ya kaka yake na kuweka maua. Itabidi iwe ana kwa ana. Itabidi iwe kabla. Daktari alisema inaweza kuwa vigumu, akasema si kwamba haiwezekani, lakini usijipe matumaini makubwa, ule uvimbe ulikuwa umeharibu sehemu kubwa, na mama akanishika mkono pale kwenye ngazi za hospitali akasema Mungu ndiye anayetoa watoto, si huyu kijana mwenye miwani, nyamaza, uolewe kwanza, hata shangazi yako asijue, na mimi nikasema ndiyo mama, kwa sababu nilikuwa na mshono tumboni na nilitaka kuketi tu. Ndiyo mama. Hata Murugi, ambaye tunatembea naye milimani na ndiye mtu pekee mwingine anayejua, hakunionea huruma, aliniambia tukishuka kutoka Rurimueria, "Wewe Aaliya, si umwambie tu, ati unangoja nini? Kwani utamficha mpaka lini, mpaka akuwe mzee?" na akateleza kwenye matope hapo hapo akaketi chini, nikacheka, na nikaona nafuu ya kutojibu.

Rurimueria basi, mianzi na matope mpaka kwenye magoti, shangazi hatapita hata ile sehemu ya kwanza, ila Mahat naye atapita? Mahat ambaye alinicheka nilipomwambia kwamba sisi hulipa ili tutembee, "Sisi tunatembea na ng'ombe kutoka Isiolo, tunalipwa. Nyinyi mnatembea bure halafu mnalipa! Hiyo biashara ni ya nani?" na akacheka kile kicheko chake kinachoanzia mabegani, mimi nakipenda kicheko kile, hilo ndilo tatizo, ningekuwa simpendi ningeshamwambia siku ya kwanza na nikanywa chai yangu. Ama Sirimon, lango la Sirimon kwenda kambi ya Old Moses, njia pana, haina kelele, Mlima Kenya wenyewe mbele yetu kama wingu halijaufunika, lakini kule juu hewa ni kidogo, Murugi alitapika, na mimi siwezi kumwambia mwanamume kwamba huenda nisimzalie huku nahema. Yeye mwenyewe wiki iliyopita aliandika, au tungoje, tukienda pwani kwa mjomba nitakupeleka Shimba Hills, kuna njia ya msituni mpaka kwenye maporomoko na juu kilimani unaiona bahari yote, na mama nilipomsomea akafurahi, akasema hayo ndiyo maneno, mtembee huko, kwa sababu Shimba Hills ni baada ya harusi, na baada ya harusi ndiko mama anakotaka kila kitu kisemwe, mtu akiwa ameshafunga ndoa na mahari yameshatolewa na bahari iko pale, nzuri, na mimi namwambia, tazama, Mahat, ile ni meli, na tena kuna jambo. Hapana. Kuchagua bahari ni kuchagua kumdanganya, hata kama ni pazuri, hasa kwa sababu ni pazuri.

"Amenihakikishia hizi zilikuwa za mzungu wa kukimbia," anasema shangazi, na hapo nainua macho, kwa sababu nani, hizi nini, na namwona amesimama katikati ya chumba, dera lake amelishika juu kidogo kwa mikono miwili, na miguuni amevaa raba. Raba za rangi ya machungwa. "Nimenunua kwa Kabura wa mitumba, hapa chini ya msikiti. Nikamwambia niko na safari ya mlima na watoto, akanichagulia. Angalia," na anatembea kutoka mlangoni mpaka dirishani, anageuka, anarudi, na hachechemei, Mungu wangu, hachechemei hata kidogo, "unaona? Ni viatu ndio vilikuwa vinaniua, si magoti. Jumamosi mimi niko mbele. Hata huo Mlima Kenya nitaupanda, mtanikuta huko nimeshapika chai." Mashallah, shangazi, nasema, zimekupendeza, na ndani yangu milima yote inaanguka mmoja mmoja, Zaina atateremka, Rurimueria atapita kwenye matope akiwa ameinua dera, Sirimon atatungoja juu, hakuna mlima uliobaki wa kumshinda huyu mama, umebaki msitu wa Ngare Ndare tu, kule Timau, ndiyo, Ngare Ndare, lile daraja la kamba lililopita juu ya miti, linayumba, shangazi anaogopa hata kupanda stuli kubadilisha balbu, raba haziwezi kumsaidia kwa hofu, atabaki mwanzoni mwa daraja ameshika mti, na sisi wawili tutakuwa katikati, juu kabisa, daraja ni jembamba, huwezi kumpita mwenzako na huwezi kukimbia, na pale nitamwambia, na itabidi asimame anisikilize mpaka mwisho kwa sababu hana pa kwenda.

Hana pa kwenda. Mkono wangu umesimama kwenye mchele. Nimelifikiria neno hilo kwa furaha, nimelifikiria kama mtu aliyepata dawa, hana pa kwenda, na sasa limekaa mbele yangu na sipendi linavyonitazama. Kwa sababu akishasikia, itakuwaje, tutashuka kwenye daraja, na shangazi atatupokea na chai, na Mahat ana adabu, ndiyo, ana adabu nyingi, hatawaacha wanawake wawili Timau, atafungua mlango wa gari, ataturudisha, Timau, Nanyuki, atapita hapo hapo kwao bila kusimama, Naro Moru, Kiganjo, mpaka hapa mlangoni, njia yote hiyo huku shangazi kiti cha nyuma akimuuliza habari za ng'ombe, na yeye akijibu, ndiyo shangazi, alhamdulillahi shangazi, mikono kwenye usukani, na mimi kando yake nikitazama upande wa uso wake nisijue kama ameumia au amekasirika au anahesabu, na yeye mwenyewe asipate hata mahali pa kujua. Siku ile ng'ombe wake alipozaa mapacha alinipigia kwa furaha, na madalali wakasikika nyuma wakipiga kelele, na nyinyi pia, na nyinyi pia mapacha, inshallah, na yeye akasema amin, polepole, si kwa mzaha kama wao, na mimi nikasema amin. Nikasema amin! Mtu kama huyo nataka kumpandisha kwenye kamba juu ya miti ndipo nimwambie. Mama anataka kumfunga kwa ndoa, mimi nataka kumfunga kwa daraja, tofauti yetu iko wapi, ni kwamba mimi nimevaa viatu vya kupanda mlima. Kumbe milima yote hii sikuwa namkimbia shangazi. Nilikuwa nazuia Mahat asiondoke. Nilikuwa nachagua umbali, ili alazimike kuturudisha.

"Unalia ama ni vumbi ya mchele?" Vumbi, shangazi. Amesimama juu yangu na raba zake, harufu ya viatu vya mtumba na mafuta ya nazi, na hajui chochote, na atajua Jumamosi pamoja na Mahat, basi ajue, mama atakasirika, basi akasirike, nimechoka kuwa na jambo ambalo lazima lipelekwe msituni ndipo lisemwe. Naandika Kilima cha Nyeri. Kile kilima kidogo hapa nyuma ya mji, ambacho hata watoto wa shule hukipanda wakitoroka, ambacho wenzangu wa hospitali wangenicheka kukichagua, tutapanda watatu, na juu tutaona mji na Mlima Kenya kwa mbali kama hakuna mawingu, na nitamwambia hapo, shangazi akiwepo, kwa sauti ya kawaida. Halafu mimi na shangazi tunaweza kurudi Majengo kwa miguu yetu, si mbali, raba ndizo hizo, na gari lake litakuwa limeegeshwa chini, limeelekea barabara, akitaka kuingia aende zake Nanyuki bila kusema neno ataingia, hatakuwa na mtu wa kumrudisha nyumbani kwanza, hatakuwa na adabu ya kulinda. Naogopa. Lakini akibaki, akishasikia na akabaki amesimama pale kilimani na njia yote iko wazi mbele yake, basi nitajua kwamba mtu amebaki. "Ehe, umemwambia wapi?" anauliza shangazi, na kidole changu bado kiko juu ya skrini, na Mahat bado yuko hewani. Namwambia shangazi ni karibu tu, na ninatuma.