Chupa Iliyoganda

Vodka haigandi kwenye friza. Kijijini kwao, ukingoni mwa msitu wa Białowieża, hilo hata watoto walilijua: inatoka nzito kama mafuta, unaimimina. Ndiyo maana Bogumił alipoinamisha chupa mbele ya wageni na kisitoke kitu, alidhani macho yanamdanganya. Akaitikisa. Barafu tupu, na unyasi mmoja umenaswa katikati.

Ilikuwa chupa ya mwisho ya mkewe, Leokadia. Nyasi zile, zinazopendwa na nyati wa msituni, alizichuma mwenyewe, akazikausha kivulini na kuzitumbukiza kwenye vodka, kiangazi kile kabla hajafa. Bogumił aliitunza ili leo, siku ya kumkumbuka, kila mmoja aonje kazi ya mikono yake.

"Nani ametia maji humu?"

Binti yake, Jagoda, aliinamia sahani ya samaki wa chumvi. Seweryn, kaka wa marehemu, alijikuna shingo. Ndiye aliyeachiwa ufunguo wa nyumba Bogumił alipolazwa hospitali.

"Shemeji, friza za siku hizi kali mno..."

"Usinifanye mtoto! Ulikunywa?"

"Kidogo tu. Kila jioni kidogo. Kwani dukani zimekwisha? Kesho nakuletea mbili."

"Dukani wanauza mikono ya dada yako?"

"Baba, punguza sauti," Jagoda akasema.

"Sipunguzi! Kamnywa mke wangu peke yake, jikoni kwangu, halafu kanijazia maji ya bomba!"

Akakaa, chupa mapajani, ameikumbatia kwa mikono miwili mpaka barafu ikalegea. Hakuna aliyethubutu kugusa chakula. Kisha akamimina katika vibilauri vyote. Cha Seweryn akakijaza hadi ukingoni.

"Simama. Unywe tukikuona."

Ukinywa kwa kumkumbuka marehemu, vibilauri havigonganishwi. Seweryn alisimama, akanywa.

"Hata mimi namlilia, shemeji," alisema kwa sauti ya chini.

"Ungesema. Tungekunywa pamoja."

Bogumił akainua chake, akiomba yawe maji matupu, ayamwage, yaishe. Lakini harufu ilikuwamo bado: hafifu, tamu, ya majani yaliyofyekwa yakapigwa na jua. Hapo akajua alichoibiwa, na hasira ikampanda upya, zaidi ya mwanzo.

"Toka," alimwambia Seweryn. "Na ufunguo uuache hapo mezani."