Kikao Kilichofanyika Wima

Walinzi wa kampuni ile walikuwa na ajira ya mwezi mwezi na ombi moja tu: kiti kimoja kila geti. Si sofa, si kochi la kunesa. Kiti. Mkurugenzi alishawajibu kwa barua kwamba mlinzi akikaa analala, kwisha habari. Basi chama chao, chenye umri wa miezi minne, kikamwita afisa kazi awapatanishe, na msemaji akachaguliwa Nguzo, aliyesimama geti la pili miaka tisa hadi kunguru wakawa wanatua begani mwake bila hodi.

Tatizo ni kwamba Nguzo alitoka zamu ya usiku saa kumi na mbili asubuhi, na kikao kilikuwa saa tatu. Kuingia tu chumba cha mikutano, akaviona viti: vya ngozi, vyenye magurudumu, vimenona kama ng'ombe wa maonyesho. Alijua kabisa, makalio yakigusa pale atakoroma kabla ya utambulisho, na ushahidi wa Mkurugenzi utakuwa mezani, mdomo wazi.

"Karibu ukae," Mkurugenzi akasema.

"Ahsante bosi, nitasimama."

"Kaa bwana, tuzungumze kama watu."

"Hata wima mimi ni mtu, bosi."

Katibu wa chama, mlinzi wa mapokezi ambaye wote walimwita Shangazi, alikuwa ameshazama kitini. Akamvuta shati. "We Nguzo, umerogwa? Kaa!"

"Shangazi, nikikaa tumekwisha," akanong'ona.

Shangazi akayatazama macho yake mekundu, akaelewa. Akainuka huku akikiaga kiti kwa mkono.

Afisa kazi, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, akakunja uso. "Mazungumzo ni sawa kwa sawa. Upande mmoja hauwezi kukaa na mwingine umesimama." Akasimama. Ikambidi Mkurugenzi naye asimame, na viatu vyake vipya vilivyochongoka kama mdomo wa korongo.

Nusu saa ya kwanza alikuwa simba, anahubiri nidhamu. Ilipotimu saa nzima akaanza kubadilisha mguu. Baada ya saa moja na nusu, akaegemea ukuta.

"Samahani bosi," Nguzo akaropoka kwa mazoea. "Kuegemea ukuta ni onyo la kwanza. Kanuni ya kumi na moja."

"Nani kaandika upuuzi huo?"

"Wewe, bosi."

Afisa kazi akakohoa ndani ya leso, kikohozi kirefu mno. Mkurugenzi akajibandua ukutani.

"Kwani nyie zamu moja mnasimama kwa saa ngapi?"

"Kumi na mbili, baba," Shangazi akajibu. "Mvua ikinyesha, kumi na mbili zilezile, ila zenye maji."

Mkurugenzi akaviangalia viatu vyake kwa huzuni. "Haya. Stuli."

"Kiti chenye mgongo, bosi."

"Stuli!"

"Sawa, tuendelee kuzungumza. Mimi naweza kufika jioni, mazoezi ninayo."

"Chenye mgongo! Andika, mama, andika!"

Afisa kazi akaandika: kiti kimoja chenye mgongo kila geti kuanzia Jumatatu, na mlinzi hafukuzwi kwa kukikalia. Mkurugenzi akatia saini, kiatu kimoja mkononi. Nguzo akatia yake. Shangazi akaisoma karatasi mara mbili, kidole kikifuata kila mstari, bila haraka hata chembe.

"Sasa naruhusiwa kukaa?" Mkurugenzi akauliza kwa sauti ndogo.

"Subiri kidogo, bosi, wino haujakauka," Nguzo akasema, akaichukua karatasi na kuanza kuipuliza, taratibu, kwa raha zake.