Mkono wa Kulia wa Nereah

Pale Buteba, mpakani upande wa Uganda, ukimtafuta hodari wa kupalilia wimbi, hukuhitaji kuuliza mara mbili. Nereah, mjane aliyeolewa huko kutoka upande wa Kenya, aling'oa magugu kama mtu anayechambua mchele. Hakuna jirani ambaye hakumpalilia. Ila alikuwa na kasoro moja, nami naitaja kwa mapenzi: kazi ikiisha, chakula kikiletwa, yeye huyoo, jembe begani, anakwenda zake. Miaka kumi hakuonja tonge la mtu. "Nimeshiba," angesema, huku tumbo likimnguruma.

Basi mwaka uliofuata uhuru wa Uganda, alipokuwa akimpandishia mzee Okochi nyasi za kuezekea jiko, ngazi iliteleza. Mkono wa kulia ukavunjika. Mganga wa mifupa akaufunga kwa vijiti na kumkataza kuutumia mwezi mzima.

Mwezi mzima! Wimbi lilikuwa na urefu wa kidole, na magugu yameshalipita. Yakilisonga, wanawe watatu, Osborn na wadogo zake, hawatakuwa na chakula mwaka huo. Nereah alipiga magoti, akang'oa kwa mkono wa kushoto, na wimbi lenyewe likang'oka pamoja na magugu. Majirani walipita njiani, wakamwamkia, wakaenda zao. Hilo lilimuuma kuliko mfupa. Shukrani ya punda ni mateke, alijisemea.

Siku ya tatu Apendi, mama mtu mzima wa boma la pili, akaja kusimama ukingoni mwa shamba, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:

"Mama Osborn, watu nataka kuja. Naogopa wewe."

"Wananiogopa mimi, mama? Nimewakosea nini?"

"Miaka kumi wewe nalima kwa sisi, chakula yetu nakataa. Sisi nabaki na aibu tu. Kuja kwanza kula kwangu."

Nereah alitaka kusema ameshiba. Akayatazama magugu. Akamfuata.

Jikoni kwa Apendi wanawake sita walikuwa wamezunguka ugali wa wimbi na majani ya kunde. Maji ya kunawa yakapitishwa, na hapo Nereah akakwama. Mkono wa kulia umefungwa, na wa kushoto hauingii katika chakula cha watu. Akainama kwa aibu.

Apendi alimsogelea. Alikata tonge, akalibonyeza, akalichovya kwenye mchuzi, akampelekea mdomoni kama mtoto. Nereah akafungua mdomo. Alikula machozi yakimtoka, na alipoinua macho aliwaona wanawake wale wakimtazama kwa furaha. Aliijua furaha ile. Ndiyo aliyorudi nayo nyumbani kila alipotoka kuwapalilia, na miaka yote hiyo yeye ndiye aliyewanyima.

Alipomeza tonge la mwisho, Apendi alimfuta mdomo, akasimama.

"Haya, sasa sisi nakwenda kwa shamba yako."

Wakatoka wote. Majembe yao yalikuwa yameegemezwa ukutani tangu asubuhi.