Mkono Kwenye Shuka la Bi Hamda

Jumatano, tarehe 11 Februari 1976, mji wa Ibra, huko Omani, uliamka na ukungu. Umande ulidondoka kwenye makuti ya mitende, na Bi Hamda alianua shuka lake likiwa bado bichi. Alilihitaji jioni. Darasa la watu wazima halikuwa na kitambaa cha kuonyeshea sinema, na kila Jumatano baada ya Magharibi shuka hilo ndilo lililotundikwa ukutani.

Filamu ilikuwa hiyo hiyo moja, nyeusi na nyeupe, ya majambazi wanaovusha magendo kwenye mpaka wa nchi za mbali. Wanafunzi wote walikuwa watu wa Unguja waliorudi Omani ukubwani, na walikwisha kuihifadhi.

"Na huyu bibi leo tena hana hata kanga?" aliuliza Bi Mahbouba, akimnyooshea kidole mwanamke wa kwenye filamu.

"Filamu ni ile ile, bibi," alijibu Maalim Obaid. "Kanga angeipata wapi?"

Watu walicheka. Bi Hamda alikaa, akainuka, akahamia benchi la nyuma, akarudi. Mumewe, Marzouq, alikuwa kifungoni mwezi wa pili. Alikwenda Dubai kuchukua cherehani, na mpakani askari wakakuta mfuko wa dhahabu chini ya kiti cha lori lake. Jumamosi angesimama mbele ya kadhi.

Gari la kwenye filamu lilifika kwenye kizuizi. Hapo picha iligeuka, kama ilivyogeuka kila wiki. Kizuizi kikawa kile cha njia ya Dubai, na lori likawa la Marzouq, jekundu, katika filamu isiyokuwa na rangi. Zahor, karani wa forodha, alifungua mlango, akausukuma mfuko chini ya kiti, akapangusa mkono wa kulia kwenye kanzu yake. Dhahabu ilikuwa yake mwenyewe, na wakaguzi walikuwa wamewasili ghafla.

Zahor huyo huyo, aliyekuwa nyumbani kwa mapumziko, alikaa benchi la mbele akijitazama kama mtu anayejiona kwenye kioo cha kinyozi.

Marzouq aligeuza uso, akatazama nje ya shuka.

"Hamda, hujambo? Umekonda."

"Sijambo. Na wewe pia."

"Dua usiache."

"Siachi."

Kisha majambazi walirudi na bastola zao, filamu ikaendelea mpaka mwisho. Maalim Obaid alilalamika tu kwamba kipande kile kinaifanya kuwa ndefu, watu wakachelewa Isha.

Taa ilipowashwa, Bi Hamda alisimama.

"Jamani, mmeona mara saba. Kadhi anataka mashahidi wawili. Wawili tu."

Wanafunzi waliinamia madaftari yao.

"Tumeona picha, mwanangu," alisema Bi Mahbouba kwa upole. "Picha haiswali, haifungi. Kadhi ataipokeaje?"

"Sitaki iende picha. Nataka mwende nyinyi."

Bi Mahbouba alifunga daftari. Baba mdogo wa Zahor ndiye aliyekuwa akipiga muhuri barua za kabila, za kuthibitisha asili ya mtu, na bila ya barua hiyo aliyezaliwa Unguja hapati pasipoti. Barua ya mjukuu wa Bi Mahbouba ilikuwa bado mezani kwa mzee huyo. Na barua za wengine darasani zilikuwa chini ya ile.

Bi Hamda alingoja kwa muda wa kusoma Qulhuwallahu mara tatu. Hakusimama mtu. Alipanda kwenye kiti, akaanza kung'oa misumari ya shuka. Pale lilipokuwa lori, kitambaa kilikuwa na joto.

Zahor aliinuka akamshikia kiti asianguke.

"Pole, dada yangu," alisema. "Shuka lako limechakaa. Ndiyo maana picha inaharibika."

Bi Hamda aliteremka kitini. Alilikunja shuka mara nne, akalikumbatia kifuani.

Zahor aliligeukia darasa, akainua mkono wa kulia, ule ule.

"Nina neno, na nataka mnishuhudie. Mashahidi mpo?"

Mikono kumi na minne iliinuka, wa Bi Mahbouba ukiwa wa kwanza.

"Tupo," walijibu wote.

"Basi wallahi, mbele yenu nyote, Jumatano ijayo naleta shuka jipya."