Kimya cha Nadhira

Mvua iliyomvunja Bi Kazija nyonga haikuwa kubwa. Ilinyesha alasiri moja ya vuli, ikapita upesi, na Mtambile nzima ingekwisha kuisahau kama Mzee Talib angefungua kinywa. Majamvi yake na ya Bi Kazija yalikuwa yametandikwa jirani, yote yamejaa karafuu. Mzee Talib akaanua zake, akazitia guniani, akaingia ndani kwake kimya kimya. Bi Kazija alikuwa jikoni nyuma ya nyumba. Aliposikia matone juu ya bati alitoka mbio, peke yake, akateleza juu ya karafuu zake mwenyewe. Tangu hapo anatembelea mkongojo.

Pemba kuanua si kazi ya mwenye mali peke yake. Anayeiona mvua mwanzo hupiga ukelele, na kila aliye karibu hulikimbilia jamvi lililo karibu naye, hata kama ni la mtu waliyetukanana naye asubuhi. Hakuna anayeuliza ni za nani. Kwa hiyo watu walikwenda kumuuliza Mzee Talib, naye akaapa kwamba mvua hakuiona. Alianua kwa sababu zake zilikwishakauka. Wazee wakainamisha macho wakamwachia Mungu. Nadhira, binti wa pekee wa Bi Kazija, alikuwa bado mwanafunzi, na hakumwachia mtu.

Alipokwenda chuo kusomea hali ya hewa, majirani walimsifu kwa kupenda elimu. Elimu gani? Msichana yule alisoma kwa chuki. Alitaka kujua wingu lile lilitoka wapi, na lilionekana tangu saa ngapi na mtu aliyesimama kwenye uwanja wa Talib.

Huko chuoni alikuta kwamba Pemba haipo. Modeli za kutabiri hali ya hewa ya dunia nzima huikata dunia miraba miraba, kisha kompyuta hukokotoa joto, upepo na unyevu wa kila mraba. Katika modeli aliyofundishwa kwanza, mraba mmoja ulikuwa mpana hata ukakimeza kisiwa chote pamoja na bahari iliyokizunguka, na kwa kuwa maji yalikuwa mengi kuliko ardhi, kompyuta iliandika bahari. Nadhira aliitazama ile buluu tupu mahali ambapo mama yake alikuwa amekaa na mguu wake mbovu, akacheka kicheko kisicho na furaha. Hata kompyuta ilikuwa inamfichia Talib.

Hakuchoka. Baadaye alijiunga na wataalamu waliokuwa wakiipunguza miraba hadi kilomita mbili tatu, kazi inayozilemea kompyuta kubwa kubwa kwa siku nyingi. Pemba ikajitokeza kwenye kioo, na vilima vyake na ghuba zake, na ule mkondo wenye kina kirefu baina ya kisiwa na bara. Akaona jinsi maji ya mkondo yanavyoupa upepo unyevu, na jinsi upepo wa pwani ya magharibi unavyokutana mchana na ule wa mashariki juu ya vilima, hewa ikakosa pa kwenda ila juu. Hapo ndipo mawingu ya alasiri huzaliwa, juu ya mashamba yenyewe, wakati taarifa za eneo zima zinasema jua.

Kitu cha kwanza alichofanya alipokabidhiwa modeli ile ni kuirudisha nyuma. Aliipa takwimu za siku mama yake alipoanguka, akaiacha iende. Wingu likaja. Lilianza kujengeka adhuhuri, likakua bila haraka, na mvua ikashuka Mtambile karibu na wakati ule ule. Modeli haikuonyesha Talib alikuwa anatazama wapi, lakini hilo Nadhira hakulihitaji tena. Hukumu aliikata siku hiyo hiyo, akakaa kuingojea nafasi yake.

Alirudi Pemba akapata kazi ofisi ya hali ya hewa Chake Chake. Akaanzisha kundi la WhatsApp la wakulima wa karafuu wa kusini, na kila modeli ilipoonyesha mvua aliwaandikia mapema: leo Mtambile msianike. Siku za jua hakuandika kitu. Watu wakazoea. Wakiamka wakaona Nadhira kanyamaza, walitandika majamvi bila hata kutazama juu.

Vuli ya mwaka huu karafuu za Mzee Talib zilichelewa, maana shamba lake liko bondeni. Wenzake wote walikwisha kukausha na kuuza. Yeye peke yake alikuwa bado anaanika, na alikuwa na mavuno ambayo hajapata kuyaona maishani mwake. Asubuhi moja Nadhira alifungua kompyuta akaliona wingu, limekaa juu ya Mtambile, alasiri. Moyo ukamwenda mbio kwa raha. Aliweka simu ndani ya mkoba, akaaga ofisini, akapanda gari kwenda kwao.

Mzee Talib alikuwa uwanjani akizitawanya karafuu zake kwa miguu. Nadhira akamwamkia, naye akaitikia kwa upole kuliko siku zote.

"Leo umetunyamazia, mwanangu," alisema. "Alhamdulillah, jua."

"Alhamdulillah," alijibu Nadhira, akaenda kukaa barazani kwa mama yake.

Adhana ya alasiri ilipoita, Talib alikwenda msikitini. Wingu lilikwishakuja juu ya minazi, jeusi, na Nadhira alilitazama kwa hamu. Alitaka kumwona akirudi. Alitaka amwone akikimbia peke yake, na kama atateleza, ateleze.

Bi Kazija aliinua uso kutoka kwenye ukili aliokuwa akisuka. Aliushika mkongojo akasimama, akapiga ukelele mmoja mrefu, "Nvuaa!", akashuka barazani akichechemea kuelekea uwanja wa Talib.

Nadhira akamfuata akimsihi arudi, akimkumbusha ni za nani. Bi Kazija hakumsikiliza. Alikaa chini juu ya jamvi, mguu mbovu kaunyoosha, akawa anakumba karafuu kwa mikono miwili. Majirani wakaja mbio kutoka kila upande. Mvua ikawakuta kazini, na nusu ya mavuno ilikuwa imekwisha kuokolewa Talib alipotokea na kanzu iliyorowa.

Bi Kazija alimngoja mpaka akafika. Akamnyooshea gunia, na hakuliachia mpaka Talib alipoinama kulipokea mkononi mwake, mbele ya watu wote.

"Mie nimeiona, Mzee Talib," alisema.

Talib hakuweza kuinua macho. Nadhira alijua kwamba mama yake alikuwa ameingojea mvua hii miaka yote, na kisasi hiki kilikuwa kitamu kuliko chake. Alimshika mkono kumrudisha nyumbani, na Bi Kazija karibu acheke kwa furaha.

Barazani Bi Kazija alikamua kanga yake. Kisha akauliza, kama anayeuliza bei ya muhogo, iwapo kompyuta ya ofisini leo ilikuwa mbovu.

"Nzima," alisema Nadhira. "Niliiona tangu asubuhi, mama. Nilinyamaza kwa ajili yako."

Ile furaha ya uwanjani ilimtoka Bi Kazija usoni.

"Miaka yote hii," alisema, "mie sikuwa na yakini kama Talib kaiona nvua ile. Kwako weye nnayo."

Nadhira alimnyooshea mkono amsaidie kuinuka. Bi Kazija aliuacha mkono ule hewani, akaegemea mkongojo wake, akaingia ndani.